Tulinakili uzio, gofu tukaiacha kwao



Nimekuwa kimya karibu mwezi mzima, na wapo walioandika kuuliza kama nimeoa. Sijaoa. Nilikuwa safarini, kisha nikarudi Bariadi nikakuta jambo linaloninyima usingizi, na la safarini na la nyumbani yamekataa kuachana kichwani mwangu. Leo nayatoa yote. Atakayekasirika anajua pa kuniandikia.

Kwanza niungame: nimecheza gofu.

Ndiyo, mimi. Mimi niliyewahi kuandika hapa hapa kwamba gofu ni njia ya wazee wenye vitambi kutembea bila watu kujua kuwa wameagizwa na daktari. Wenye kumbukumbu ndefu msinisute bado, subirini nimalize.

Nilikwenda Nairobi kwenye semina ya waandishi ya siku tatu. Basi kutoka Bariadi hadi Lamadi, pale ukapanda jingine, Bunda, Tarime, Sirari, kisha Kisii na Narok mpaka mgongo uombe radhi. Semina zenyewe mnazijua: chai, maneno, chakula, maneno, picha ya pamoja. Siku ya mwisho tukamaliza saa sita mchana, na mwenzangu mmoja wa Nairobi akasema mjomba wake ni mwanachama wa Royal Nairobi na anaruhusiwa kuja na wageni. Nilicheka. Nikaazimwa fulana yenye kola, maana bila kola huchezi, nikaenda.

Niliseme mapema, msije mkadhani naandika kwa hasira ya mtu aliyefukuzwa mlangoni: hakuna aliyenitendea vibaya. Askari wa getini alinipigia saluti. Mjomba alinilipia kila kitu na akanivumilia saa nne nzima. Na nilifurahi! Hilo ndilo linalonikera zaidi. Ningeudhiwa, makala hii ingekuwa rahisi kuandika.

Gofu ni mchezo mtamu jamani. Pigo langu la kwanza lilikata hewa. La pili pia. La tatu likachimba udongo wa kutosha kupanda mchicha. Nilikuwa na kedi, yaani mbeba fimbo, mtu mzima wa umri wa baba mdogo wangu, akatazama mikono yangu na kusema kwa upole, "Mkubwa, hiyo si jembe." Kweli nilikuwa nimeishika kama jembe, mkono wa kushoto chini, wa kulia juu. Akanigeuza mikono, akanisogeza bega, akasema nitazame mpira wala nisitazame ninakotaka uende. Pigo la nne likatoka. Sijui niwaelezeje. Mpira ulipaa ukawa kama kunguni mweupe mawinguni, halafu ukaanguka mbali, kimya, kwenye majani. Kwa sekunde tano hivi niliwaelewa wale wazee wote.

Kuhesabu mapigo niliacha kwenye shimo la tano, kwa heshima ya familia.

Sasa basi. Ilikuwa Agosti. Nyumbani Simiyu mnajua Agosti ilivyo: pamba imeshavunwa, mto Simiyu umebaki mchanga na madimbwi, ng'ombe wanatafuna mabua na vumbi. Mimi natembea juu ya majani mabichi, laini, yaliyokatwa kwa kimo kimoja, ekari na ekari, na hakuna mnyama hata mmoja mwenye mdomo wa kuyala. Mtoto wa Kisukuma ukimweka mahali kama pale, kichwa chake hakiendi kwenye gofu. Kinakwenda kwenye ng'ombe. Nikajikuta nasema kwa sauti: "Hii ni ngitili."

Mjomba akauliza ngitili ni nini. Nitawaeleza kama nilivyomweleza, maana najua wengi wenu mmezaliwa Kinondoni.

Ngitili ni malisho yanayofungwa. Mvua zikianza, ukoo au kijiji kinatenga eneo, hakuna ng'ombe kuingia. Majani yanakua, miti inapata nafasi. Kiangazi kikikaza, mahali pengine pote pakiwa pamebaki ardhi tupu, ngitili inafunguliwa, kipande baada ya kipande, kwanza kwa ndama, ng'ombe wagonjwa, wazee, na wale wa kukokota plau. Hakuna waya wala ukuta. Kuna makubaliano, kuna sungusungu wa kulinda, na kuna dagashida, baraza la jamii, la kumtoza faini anayeingiza mifugo usiku. Marehemu guku, babu yangu, aliwahi kutozwa. Mpaka anakufa alikuwa anasema ndama wake alijipeleka mwenyewe.

Na si hadithi za kale. Ngitili nyingi zilikufa katika karne iliyopita: misitu ilifyekwa kuwaua mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, kisha operesheni vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu na kuacha malisho yao bila mwenyewe. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, wakati Bariadi, Maswa na Meatu bado zikiwa mkoa wa Shinyanga (Simiyu tumeipata 2012 tu). Ngitili zilizohesabika mwanzoni zilikuwa kama hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, na mwaka 2002 mradi ukapewa tuzo ya kimataifa ya Ikweta. Wanavijiji wengi hawakupewa mche wala fedha. Waliruhusiwa tu kurudia walichokuwa wanakijua.

Mjomba, mtu mwungwana, akasema, "Basi sisi ni Wasukuma." Tukacheka. Halafu tukafika upande ule wa uwanja unaopakana na Kibera, kicheko kikaisha chenyewe.

Huenda umeiona ile picha. Mpiga picha Johnny Miller alirusha kamera angani akapiga mpaka wa Royal Nairobi na Kibera: upande mmoja kijani kitupu, upande wa pili mabati yenye kutu yamebanana mpaka huoni njia. Picha ilizunguka dunia nzima. Lakini picha haina sauti. Mimi niliisikia Kibera kabla ya kuiona: redio, nyundo, mama anamwita mtoto, na watoto wengi sana wanacheza mahali fulani ambapo kwa hakika hapakuwa na nafasi ya kuchezea. Upande wetu tulikuwa watu wanne na kedi zetu, na ndege.

Klabu ile ilianzishwa mwaka 1906. Neno Royal ilipewa miaka ya 1930, enzi za Mfalme George wa Tano. Majirani zake wa zamani ni Wanubi, askari wenye asili ya Sudan waliopigana katika jeshi la Mwingereza, King's African Rifles, wakaonyeshwa msitu huo wakae. Kibra kwa lugha yao ni msitu. Mwaka 1918 eneo lao lilitangazwa kuwa hifadhi ya kijeshi, ekari 4,197. Walikaa hapo karibu karne nzima wakihesabiwa wapangaji wa hisani, wa kuondolewa siku yoyote, mpaka Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta alipowakabidhi hati ya jamii. Ekari 288. Mwaka uliofuata, tarehe 23 Julai 2018, matingatinga yakaingia Kibera kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na watu wapatao 30,000 wakakosa pa kulala, shule zikiwemo katika vilivyobomolewa. Sisemi kwamba barabara ingepita kwenye gofu, mimi si mhandisi. Nasema kwamba kuna watu ambao ardhi yao ikihitajika hufuatwa na barua na wanasheria, na kuna watu ambao hufuatwa na tingatinga alfajiri.

Najua mnachotaka kusema. Kuna kundi la kwanza kati yenu, la kimapinduzi, mlioniandikia mara nyingi: "Gofu ni ukoloni, limeni mahindi pale!" Na kuna kundi la pili, mmeongezeka siku hizi, mnaonunua kofia na glavu moja kabla hata ya kujua fimbo inashikwaje, kwa sababu mmesikia madili yanafungwa kwenye gofu. Kundi la kwanza mnachukia mchezo, kundi la pili mnapenda geti. Wote mnadhani gofu na uzio ni kitu kimoja.

Si kitu kimoja, na ushahidi uko kwao wenyewe.

Nendeni mpaka chimbuko, St Andrews, Scotland. Uwanja mkongwe na maarufu kuliko yote duniani uko kwenye nyasi za pwani ambazo ni za mji. Mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton alitoa hati kutambua haki ya wenyeji kucheza pale, gofu na michezo mingine, naye akibakiwa na haki ya kufuga sungura. Mpaka leo barabara ya umma inakatiza shimo la kwanza na la 18, na mtu akivuka na mtoto wake, bingwa wa dunia anasimama na fimbo yake kumsubiri. Nafasi kila siku zinatolewa kwa kura, mfanyabiashara na fundi bomba kwenye kapu moja. Na Jumapili, isipokuwa wakati wa mashindano makubwa, hakuna gofu kabisa: watu wa mji wanakuja na mbwa wao, wanatandika vitambaa, wanakula mikate yao pale ambapo sisi tungeweka bango la "Usikanyage". Ile klabu kubwa yenye jengo la mawe kando ya shimo la kwanza, ambayo mpaka 2014 ilikuwa haipokei wanawake, ina jengo lake, lakini uwanja si wake.

Na msidhani walibarikiwa tu na uungwana. Mwishoni mwa karne ya 18 halmashauri ya mji ule ilikuwa imefilisika, ikaliachia eneo hilo, likaangukia mikononi mwa wafanyabiashara wa sungura. Sungura wakatoboa uwanja wote. Wenyeji wakaenda mahakamani, na huku kesi inaendelea wakawa wanawala sungura. Ugomvi ulikwenda zaidi ya miaka 20, hadi 1821 mpenzi mmoja wa gofu, James Cheape, aliponunua eneo akalinusuru. Mwaka 1894 mji ukalirudisha kwa sheria ya Bunge, na tangu 1974 linaendeshwa na dhamana iliyowekwa kwa sheria nyingine. Halmashauri iliyofilisika inaachia uwanja wa watu. Likumbukeni hili, tutalihitaji tukifika Bariadi.

Kwa hiyo Mwingereza alipokuja Nairobi, Dar es Salaam, Entebbe, alikuwa na mifano miwili ya kuchagua: nyasi za mji zenye kanuni, au bustani ya bwana yenye geti. Alichagua geti, kwa sababu hakuja kuishi na sisi kama watu wa mji mmoja. Hilo naweza kulielewa. Nisichoelewa ni sisi. Bendera zilishuka, majina ya mitaa yakabadilishwa, uanachama ukafunguliwa kwa rangi zote zenye pesa, lakini geti likabaki palepale. Tulinakili uzio kwa uaminifu mkubwa, tukapaka rangi kila mwaka. Gofu yenyewe, ile ya mbwa na mikate ya Jumapili, tukaiacha kwao.

"Lakini ni mali binafsi." Hapa Tanzania? Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi. Unachopewa ni haki ya kuitumia, isiyozidi miaka 99, kwa masharti. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo inasema ardhi yote ni ya watu wa Kenya. Masharti yanaweza kuandikwa. Sharti moja tu, nafasi moja tu kwa wiki, geti la waenda kwa miguu wazi kuanzia saa kumi mpaka jua lizame, na bibi wa jirani apite. Pale Dar, uwanja wa Gymkhana uko hatua chache kutoka hospitali ya Ocean Road, wanakotibiwa wagonjwa wa saratani kutoka nchi nzima. Ndugu zangu kutoka Itilima wamewahi kukaa pale wiki kadhaa wakiuguza, wamekaa kwenye mabenchi na kwenye kingo za barabara. Kuwaruhusu kukaa chini ya mti Jumapili jioni kungemnyima nani mchezo?

"Wataharibu nyasi." Hili ndilo linalonichekesha. Wasukuma wasiojua kusoma wamelinda hekta laki tatu za nyasi bila waya, dhidi ya ng'ombe wenye njaa. Watu wa St Andrews wanaikanyaga ile ya kwao kwa karne tano na bado ndiyo bora duniani. Nyasi haziharibiwi na miguu. Zinaharibiwa na miguu ya watu wasio na haki nazo, kwa hiyo hawana sababu ya kuzitunza.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu, na aliyeitoa ni mjomba mwenyewe, tukiwa tunakunywa soda. Alisema: "Kijana, ukitoa huo uzio leo, kesho sipati gofu na wewe hupati bustani. Unapata maduka na maghorofa." Nilinyamaza, kwa sababu ni mkweli. Nairobi ardhi isiyo na mlinzi haifiki asubuhi. Mwaka 1989 walitaka kujenga ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Wangari Maathai akawazuia. Msitu wa Karura ukagawiwa vigogo, na Januari 1999 yeye na wenzake wakapigwa na vijana wa kukodi walipokwenda kupanda miti. Watu wa gofu wana hoja: kama si wao, ule ukijani ungekuwa zege zamani.

Lakini hebu tazama Karura ilivyo leo. Ina uzio, tena wa umeme. Na ina mageti, unalipa kiingilio kidogo unaingia, unakuta wanafunzi, wapenzi, wazee wa Kihindi wanakimbia polepole, familia na viazi vyao. Uzio ule unamzuia mnyakuzi, haumzuii mpita njia. Ngitili nayo hufungwa, nimesema tangu mwanzo. Sina ugomvi na kufunga. Ugomvi wangu ni kwamba ngitili ina siku ya kufunguliwa, na siku hiyo kila mtu kijijini anaijua.

Nirudi kwa kedi wangu kidogo. Anabeba fimbo za watu kwa miaka zaidi ya ishirini. Anajua kila mteremko wa kila kijani, alikuwa ananiambia "kushoto kidogo, vidole viwili" na mpira unakwenda kushoto kidogo, vidole viwili. Mjomba mwenyewe alikiri kwamba akicheza naye anashindwa. Nikamuuliza mtu huyo, kaka, wewe unacheza lini? Akasema Jumatatu, klabu nyingi ndiyo siku ya makedi, kama hakuna shughuli. Mtu anayejua mchezo kuliko wote anasubiri siku ambayo wasioujua wamechoka.

Sasa Severiano Ballesteros, yule Mhispania aliyeshinda Kenya Open mwaka 1978 na mwaka uliofuata akachukua Open ya Uingereza, alikuwa mtoto wa mkulima na kedi kijijini Pedreña. Uwanjani haruhusiwi, kwa hiyo alijifunza ufukweni kwa fimbo moja tu ya chuma, na usiku akawa anajipenyeza. Na Papwa Sewgolum, Mhindi wa Durban, kedi, ambaye hakwenda shule. Alishinda Open ya Uholanzi mara tatu, 1959, 1960 na 1964. Mwaka 1963 akashinda Natal Open nyumbani kwao, na kwa kuwa sheria za ubaguzi hazikumruhusu kuingia ndani ya jengo la klabu, akapewa kikombe chake nje, mvua inanyesha, wazungu aliowashinda wakiwa ndani. Unajua alishikaje fimbo? Mkono wa kushoto chini, wa kulia juu. Kama jembe! Nilipogundua hilo nilimtumia kedi ujumbe kwa simu ya mwenzangu. Akajibu: "Lakini wewe si Papwa."

Basi nikarudi nyumbani.

Kuna uwanja katika mtaa niliokulia hapa Bariadi. Simtaji mtu wala ofisi, kwa sababu mkutano wa mtaa bado haujakaa na sitaki kumhukumu mtu kabla hajasema. Uwanja wenyewe ni vumbi, magoli ya miti, na upande wa mashariki mabaki ya ngitili ambayo guku aliitozwa faini: migunga michache, majani ya kiuno wakati wa mvua. Jioni utakuta watoto sitini pale, timu nne zinacheza kwenye uwanja mmoja, mipira miwili, na hakuna anayegongana. Harusi zimefanyika pale, misiba imekaa pale, na mimi nilivunjika jino pale, la mbele, hamjaliona kwa sababu huwa sicheki kwenye picha.

Niliporudi nilikuta bikoni. Bikoni za zege, zimepakwa rangi nyekundu kichwani, zimepangwa kwa mstari kutoka goli hadi goli. Nikauliza. Nikaambiwa na mtu anayestahili kujua kwamba mji unakua, makao makuu ya mkoa yanahitaji viwanja, mapato yanahitajika, na, nanukuu kutoka daftari langu, "lile ni eneo tupu."

Eneo tupu!

Wadau, nimelala na maneno hayo wiki nzima. Kule Nairobi nilitembea saa nne kwenye zaidi ya ekari mia moja, tukiwa watu wanne, na hakuna binadamu duniani atakayeuita uwanja ule eneo tupu. Una ramani, una jina la mfalme, una bango. Huku kwetu watoto sitini kila jioni ya Mungu, na ni eneo tupu, kwa sababu hakuna waya. Macho ya wapimaji wetu yamefundishwa na geti: palipozungushwa pana mwenyewe, pasipozungushwa hapana mtu. Ngitili ya guku ilikuwa na mwenyewe, na sheria, na baraza, na faini. Lakini hakuna karatasi ya kuonyesha faini ya ndama.

Na ndiyo maana siwezi kuungana na kundi la "limeni mahindi." Mkishangilia siku uwanja wa gofu unapogeuzwa kuwa kitu "cha maana", mnamfundisha yuleyule mtu wa bikoni kwamba nyasi na mchezo si kitu cha maana. Nataka viwanja vya gofu vibaki, vifunguliwe, na kile cha kwetu kiandikwe kwenye mchoro wa mji kwa rangi ileile ya kijani wanayochorea vile vya wakubwa, kiwe na namba, mipaka yake isomwe mbele ya watu. Hata ikibidi kuzungushiwa, sawa, nitachangia waya mwenyewe. Geti tu libaki upande wa watoto.

Siku ile ya kuondoka Royal Nairobi, kedi alinipa mpira mmoja mkuukuu, wenye kovu, akasema nikafanye mazoezi. Juzi jioni niliupeleka uwanjani. Nikachimba shimo karibu na bikoni ya kwanza, jingine karibu na goli, la tatu kwenye majani ya ngitili. Fimbo hatuna, tukatumia magongo ya kuchungia. Kijana mmoja wa darasa la tano, anayechunga mbuzi wa jirani yetu, alipiga mpira ule kwa gongo la mgunga kutoka goli hadi goli, na mkono wa kushoto ulikuwa chini. Sikumrekebisha.

Mkutano wa mtaa ni Jumamosi hii saa nne asubuhi, chini ya ule mkwaju karibu na kisima. Nimeshachapisha kile kifungu cha hati ya ardhi ya umma, nakala ishirini, na picha tatu za watoto wakicheza, zina tarehe na saa. Mliopo Bariadi, Somanda, Nyakabindi, njooni. Mwenye mchoro wa zamani wa mji, hata nakala mbovu, aje nao.